Niliambiwa prompt yangu ina kasoro, nikanuna, mke wangu akashinda kwa boma akingoja AI

Wakuu, chamgei. Asiyejua, hiyo ni salamu ya huku kwetu, we jibu tu chamgei tuendelee.

Haya nitaandika yalinipata mimi mwenyewe, si jirani, si rafiki ya rafiki. Ng'ombe anayehusika yuko hai na mke wangu yuko hai, na kati ya hao wawili sijui nani bado ananiangalia vibaya zaidi.

Mnisamehe mwandiko. Mimi niliachia darasa la nne. Wengine hapa watasema walikosa karo. Mimi hapana, mwalimu alikuwa anachapa na mimi nilikuwa najua njia ya kurudi nyumbani. Nikachuna majani ya chai kwa mashamba makubwa mpaka mgongo ukakataa, nikarudi kwangu karibu na Kapkatet kukaa na ng'ombe watatu na mama ya watoto. Simu nilinunuliwa na binti yangu. Naandika na kidole kimoja, kwa hivyo mkiona nimeruka herufi jueni ni kidole, si akili.

Sasa.

Jumapili moja kanisani tukasomewa tangazo. Eti kuna mradi mdogo hapa Kapkatet, unatafuta watu wazima wanaoelewa wafugaji, waje wasaidie kazi ya AI.

Wakuu, kwa mfugaji wa huku AI ni kitu moja tu. Ni yule mtu anakuja na pikipiki, amebeba mtungi wa baridi wenye mbegu ya dume, anavaa glavu mpaka begani, na ng'ombe anapandishwa bila kuona dume kwa macho. Basi.

Hiyo kazi naijua. Glavu sijavaa, lakini mkia nimeshika. Msicheke, mkia ukishikwa vibaya daktari anapigwa teke anaenda kulala kwa nyasi. Mimi nimeshika mikia ya kijiji nzima na hakuna daktari alianguka mkononi mwangu.

Kwa hivyo Jumatatu nikafika pale ofisini na gumboots, kamba ya katani begani.

Nikafungua mlango. Meza safi, laptop zimepangwa, watu wamekaa kimya kama wanafanya mtihani. Nikauliza, "Ng'ombe wako wapi?"

Kuna mama alikuwa anakunywa chai. Ile chai ilitokea puani.

Msichana anayesimamia mradi, anaitwa Chebet, akaja akanishika mkono. "Kugo, hii ni AI ingine. Hii ni akili ya mashine." Kugo ni babu, kwa lugha yetu.

Nikasema basi naenda zangu. Chebet akasema, "Kugo, ngoja. Hiyo mashine imesoma kila kitu lakini haijawahi ona ng'ombe. Wewe umeona."

Hapo aliniweza. Nikakaa.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanatengeneza msaidizi wa kwa simu. Mfugaji anauliza kwa Kiswahili, msaidizi anajibu. Lakini kabla ajibu, lazima mtu amwandikie maagizo: ongea hivi, uliza hili kwanza, ukiona dalili hii sema hivi. Hayo maagizo ndiyo wanaita prompt. Yule mama wa chai alinielezea vizuri kuliko wenye laptop. Akasema, "Mzee, ni kama umeajiri mfanyakazi mpya. Amesoma sana, boma hajakanyaga. Unamwachia karatasi halafu unaenda safari. Kile hukuandika, atajitungia mwenyewe."

Huyo mama tunamwita Mama Fred. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya kiwanda cha chai, yeye akazaliwa hapa hapa kwa nyumba za kampuni. Kipsigis anaongea kunishinda, na akiona nimekosea ananirekebisha mbele ya watu. Alikuwa karani wa kupima majani miaka na miaka. Mliochuna chai mnajua karani ni nani. Unafika na mzigo, jasho mpaka kwa soksi, unamwaga majani mbele yake, anaingiza mkono, na wewe unaomba Mungu asipate ile jani ngumu ulichuna ukiharakisha.

Mimi nikapewa niandike prompt ya ng'ombe aliye joto, yaani anayetaka kupandishwa. Mama Fred akapewa ya ndama.

Na sheria ilikuwa kila Jumanne tunabadilishana. Unasoma kazi ya mwenzako, unampa feedback, yaani maoni, yeye anasoma yako, anakupa feedback.

Jumanne ya kwanza nikapewa ya Mama Fred. Nikaangalia mistari mitatu. Nikachukua kalamu nikaandika chini: "Hii haifai. Mwenye kuandika anajua samaki."

Niliona nimefanya kazi kubwa. Hata nilipiga mstari chini ya neno samaki.

Chebet alisoma kwa sauti, kisha akaanza kuangalia dari. Mama Fred hakukasirika. Alisukuma karatasi kwangu akasema, "Asante mzee. Sasa nionyeshe jani."

"Jani gani?"

"Ile mbaya. Mimi kwa kupima majani sikuwa nafukuza mtu eti gunia lako ni takataka. Nilikuwa namwaga, natafuta ile jani ngumu, nainua juu, nasema hii. Mtu anaiona na macho yake. Kesho haichuni tena. Wewe umetupa gunia nzima na hujainua jani hata moja."

Sikuwa na jani. Ukweli ni kwamba baada ya mstari wa tatu nilikuwa nimechoka, nikaangalia tu jina la mwandishi.

Zamu yake ikafika. Yeye alikuwa ameniandikia ukurasa mzima wa daftari.

Alianza na mazuri. Eti dalili za ng'ombe nimeziandika kuliko mtu yeyote, na hiyo ya kamasi angavu inayovutika kama uzi hata yeye hakuijua. Wakuu, hiyo sehemu sikuisikia kabisa. Nilikuja kuisoma wiki nyingi baadaye.

Halafu jani ya kwanza. Sisi Wakipsigis, mnatujua, P na B kwetu ni mtu na ndugu yake. Nilikuwa nimeandika "ngombe akibanda wenzake ujue iko joto." Mama Fred akaijaribu kwa mashine, na mashine ikamjibu: "Hongera! Kuwajengea ng'ombe banda ni hatua nzuri sana."

Ofisi ilicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilirekebisha lakini moyoni nikaanza kuhesabu maadui.

Jani ya pili ndiyo uzi huu.

Nilikuwa nimeandika hivi: "Mfugaji akitaja dalili hizi, mwambie AI inahitajika mara moja. Usimtume kwa mtu mwingine, sisi tunatosha."

Hiyo ya mwisho nilikuwa na sababu. Kuna jirani fulani ana dume, kila ng'ombe akilia yeye anatokea kwa ua na hilo dume lake lenye magonjwa. Nilitaka kumfungia njia.

Mama Fred akaandika, nanukuu kama ilivyo: "Nimeijaribu mara nne. Mara mbili imesema ita daktari. Mara mbili imesema AI ni yeye na ameshafika. Nafikiri ni neno AI pamoja na sentensi ya mwisho. Ungesema mtaalamu wa kupandisha ng'ombe apigiwe simu, na uiambie mashine wazi kwamba hiyo kazi haiwezi. Lakini nakuuliza kwanza, ulimaanisha nini na usimtume kwa mtu mwingine?"

Mtu ameijaribu. Amesema alichoona. Ametoa wazo. Na bado ameniuliza nilimaanisha nini. Mimi nikajibu nini?

"Mama Fred, mimi nimeshika mikia ya ng'ombe tangu wewe ukinyonya."

"Sikatai mzee wangu. Lakini hii mashine haina mkia."

Kicheko tena. Masikio yakanichoma. Chebet akauliza pole pole, "Kugo, umeijaribu hii yako?"

Nikasema nimeijaribu sana.

Uongo, wakuu. Niliahidi ukweli na ndio huo. Kile nilikuwa nimefanya ni kuandika "uko?" ikajibu "niko." Nikaona inatosha. Chebet aliniamini. Kosa lake ni hilo moja tu, kumwamini mzee.

Ikapelekwa kwa majaribio, nyumba chache tu, za sisi wenyewe. Tulikubaliana kwamba maswali yote yatasomwa ofisini, tuone mashine inajibu vipi. Nyumba yangu ikawa moja.

Sasa niwaambie kuhusu Chelel.

Chelel ni ng'ombe wa mke wangu. Mama mkwe alimpa binti yake ng'ombe tulipooana, na Chelel ni mjukuu wa huyo. Mama mkwe hayuko tena. Nyumba ile aliyokuwa anaishi imeanguka. Kilichobaki cha mama yake hapa duniani ni Chelel, na mdomo mrefu aliomwachia binti yake, lakini huo si wa kukamua.

Na Chelel alikuwa amepandishwa mara tatu, mara zote anarudi joto. Vijana wangu wakakaa wakasema mara moja tena, akikataa anapelekwa soko ya Ndanai. Huko ng'ombe asiyeshika mimba hanunuliwi na mfugaji. Mnajua ananunuliwa na nani.

Mke wangu nilianza kumwona anampa Chelel chumvi na mkono, si kwa sufuria.

Na mimi, kwa kiburi changu, nikamwambia, "Safari hii usihangaike na simu za daktari. Uliza hii kitu yangu. Itakwambia kila kitu."

Jumatano jioni wakati wa kukamua Chelel akaanza kulia na kuwapanda wenzake. Mkiona jioni, kesho yake asubuhi ndiyo saa yake. Mimi sikuwa nimeona, nilikuwa kwa jirani. Alhamisi nikatoka mapema kwenda mjini, na mke wangu akachukua simu yake akauliza, kama nilivyomfundisha.

Mimi wakati huo niko hoteli, chai na mandazi, nawaeleza wazee wenzangu vile ninafundisha kompyuta. Simu ikalia. Mama Fred. Nikaiangalia. Nikasema moyoni, huyu anataka kuniongezea ukurasa mwingine. Nikaigeuza kifudifudi kwa meza.

Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mbona huchukui?" Nikamwambia ni watu wa ofisi, hawawezi kufanya kitu bila mimi.

Nikafika nyumbani saa sita.

Chelel amefungwa ndani ya krashi, zile mbao za kumzuia. Simu imetundikwa kwa nguzo na kamba ya kiatu, kioo kinaangalia matako ya ng'ombe. Mke wangu amekaa kwa kistuli cha kukamua, mikono kwa magoti, kama mtu anangoja kuitwa hospitali.

"Mama Kiprono, unafanya nini?"

"Nangoja AI."

"AI gani?"

Akaonyesha simu na mdomo. "Imesema iko hapa. Tangu asubuhi nauliza bado, inasema iko hapa. Baba Kiprono, sasa inaingilia wapi?"

Nikashusha simu nikasoma. Ilikuwa imeandika: "Hongera mama! Dalili hizi zinaonyesha AI inahitajika mara moja. Habari njema ni kwamba mimi ni AI na niko hapa tayari. Huhitaji kumpigia mtu mwingine. Mtulize ng'ombe na ukae karibu naye."

Huhitaji kumpigia mtu mwingine. Hayo yalikuwa maneno yangu. Mashine iliyapamba tu kidogo.

Hapo ndipo niliona jani. Mtu alikuwa ameinua juu kabisa mbele ya macho yangu, na mimi nikaangalia mtu badala ya jani.

Nikampigia daktari. Sisi tunamwita Glavu. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Mke wangu alikuwa ananiangalia tu. Nilimweleza, nikijikwaa kwa maneno, kwamba AI ziko mbili na hii si ile. Halafu akainuka akaanza kufungua kamba ya Chelel.

"Soko ya Ndanai ni siku gani?" akauliza.

Hakuwa analia. Ingekuwa analia ningejua la kufanya.

Ndipo tukasikia pikipiki kwa kona. Glavu akaingia boma na matope mpaka kwa kofia, akauliza, "Ni nani ameita AI?"

Nikasema si mimi, nimekupigia hupatikani.

"Mama Fred amenipata saa nne nikiwa huko Soin, kabla nitoke, maana njiani hakuna mtandao. Amesoma maswali huko ofisini, akaniambia nikimbie kwako, kuna mashine inamdanganya mama. Amempigia mama hashiki, amekupigia wewe hushiki."

Mke wangu alikuwa amezima sauti ya simu ili Chelel asishtuke. Hiyo ilikuwa sababu yake. Akanigeukia. "Na wewe?"

Wakuu, hapo nilijibu swali kwa kwenda kushika mkia.

Glavu alifanya kazi yake, akavua glavu, akasema tumechelewa lakini hatujapitwa kabisa. Akaondoka. Mke wangu alinipa chakula baridi siku hiyo na nilikula kama kimepashwa.

Jumanne nikafika ofisini kabla ya wengine. Mama Fred akaja na chupa yake ya chai. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba msamaha, yote ikapotea. Nikaweka karatasi mbele yake nikasema, "Nionyeshe jani."

Angeweza kunipiga na maneno. Nilikuwa nangoja samaki irudi. Alivaa tu miwani akasema, "Lete kalamu."

Tukaifanya pamoja. Tukaondoa neno AI lote. Nikamweleza habari ya jirani na dume lake, akasema kumbe, sasa naelewa, basi andika hivyo: usimshauri kutumia dume la jirani. Saa ile aliniuliza ningemjibu hivyo tungemaliza kwa dakika mbili. Tukaijaribu tena na tena mpaka chai ikapoa, na kila mara ikasema: "Mimi ni programu ya simu, siwezi kupandisha ng'ombe. Mpigie mtaalamu sasa hivi."

Kisha nikamwambia Chebet kwamba niliposema nimejaribu sana, nilidanganya. Akasema, "Najua, Kugo. Tangu Alhamisi ile mimi hujaribu kila moja mwenyewe."

Tukangoja wiki tatu, maana ng'ombe asiyeshika hurudi joto baada ya hizo. Kila asubuhi mke wangu anaenda kwa boma kabla hajawasha moto, anasimama, anasikiliza. Wiki ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Chelel kimya, anakula. Vijana wakaacha kutaja Ndanai.

Baada ya miezi tisa akazaa ndama jike, mweupe kama yeye.

Mama Fred alikuja kuona, na sukari na mkate. Mke wangu alimkumbatia mpaka mkate ukabonyea. Halafu Mama Fred akainama kwa ndama, akamzunguka kwa yale macho ya karani.

"Mzee, ndama mzuri. Anasimama vizuri, ananyonya vizuri, mahali ni pakavu." Akainua mguu wa ndama kidogo, akaonyesha na kidole. "Lakini kitovu hakijapakwa dawa. Hapa."

Nikafungua mdomo. Ile ya mikia ilikuwa imeshafika kwa ulimi.

"Iko kwa prompt yangu," akasema. "Mstari wa tano. Si ulisoma?"

Mke wangu akaniangalia. Nikafunga mdomo, nikaenda kutafuta dawa.

Sasa wakuu, mimi si mwalimu, lakini nilichotoka nacho ni hiki. Ukipewa kazi ya mwenzako, usitupe gunia. Ijaribu kwanza, inua ile jani, sema ilifanya nini, na umuulize alitaka nini, maana pengine alikuwa na jirani mwenye dume. Na ukiwa ni wewe unarekebishwa, utajua feedback ni ya maana ukisikia masikio yanachoma. Wacha yachome. Lakini simu ushike.

Haya, uwanja ni wenu. Najua huu uzi una makosa, na P na B zimepigana humu ndani. Wenye walishawahi rekebishwa wakanuna, semeni, nisikae peke yangu. Na wenye wataniambia "mzee uzi mbovu," sawa, lakini nionyesheni jani. Nitasoma zote, na safari hii nitapita mstari wa tatu.